Haidroksiyurea kwenye selimundu: kinachomsaidia mgonjwa ni HbF au ni kushuka kwa neutrofili?

#1 Kalamu ya Wadi

Habari wadau. Ukiuliza haidroksiyurea inamsaidiaje mgonjwa wa selimundu, jibu ni lilelile kila mahali: inapandisha hemoglobini ya utotoni, HbF, nayo inazuia HbS, hemoglobini yenye kasoro ya ugonjwa huu, isishikamane ndani ya seli nyekundu. Jibu hilo naliona pungufu.

Jaribio lililoifungulia dawa hii njia ni MSH la Marekani, matokeo yalitoka 1995. Watu wazima 299, karibu nusu walipewa dawa na waliobaki dawa bandia. Wa dawa walikuwa na krisisi, yaani mashambulio ya maumivu makali, 2.5 kwa mwaka kwa kipimo cha kati, wenzao 4.5. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Lakini data zilipochambuliwa zaidi, kupungua kwa krisisi kulifuatana zaidi na kushuka kwa neutrofili, aina ya seli nyeupe, kuliko kulivyofuatana na kupanda kwa HbF. Tena HbF huchukua miezi mitatu hadi sita kupanda inavyotakiwa, ilhali seli nyeupe zinashuka ndani ya wiki chache.

Hoja yangu: hii kwanza ni dawa ya kutuliza inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili) kwenye mishipa, HbF ni faida inayofuata. Mwenye ushahidi wa kunipinga auweke.

#2 Binti Uboho

Ninao. Wapo watu waliorithi HbS kwa mzazi mmoja, na kwa mzazi wa pili wakarithi hali ya HbF kutozimika ukubwani. Wana HbF ya karibu asilimia 30, imeenea katika kila seli nyekundu, na wengi wao hawana dalili zozote. Hawajameza dawa. Hakuna aliyezigusa neutrofili zao.

Ongeza watoto wachanga. Mwaka 1948 Janet Watson wa New York aliona kwamba damu ya mtoto mchanga mwenye HbS haipindi upesi kama ya mama yake, akaihusisha na HbF. Dalili zinaanza baada ya miezi kadhaa, HbF ikishashuka. Na wagonjwa wa Mkoa wa Mashariki wa Saudi Arabia, ambao kwa kurithi wana HbF ya juu, ugonjwa wao utotoni ni mwepesi kuliko wa kwetu huku wenye aina ya vinasaba inayoitwa ya Kibantu. Unaelezaje hayo kwa neutrofili?

#3 Mzee wa Hadubini

Kabla hamjafika mbali, hizo seli nyeupe zimehesabiwaje? Mgonjwa wa selimundu huwa na seli nyekundu changa zenye kiini zinazozunguka kwenye damu. Mashine nyingi za FBP (kipimo cha kuhesabu seli za damu) zinaona kiini tu, zinaziingiza kwenye seli nyeupe. Lazima usome slaidi, uhesabu ngapi zipo kwa kila seli nyeupe 100, kisha usahihishe:

seli nyeupe halisi = za mashine × 100 ÷ (100 + zenye kiini)

Mashine ikisema 24.0 na slaidi ina 50 zenye kiini, halisi ni 24 × 100 ÷ 150 = 16.0. Sasa haidroksiyurea inatuliza uboho, seli zenye kiini zinapungua, mashine inaonyesha seli nyeupe zimeshuka sana. Sehemu ya mshuko huo haikuwa seli nyeupe tangu mwanzo.

#4 Slaidi Safi

Hesabu ya #3 ni sahihi kwa jumla ya seli nyeupe. Ila kwenye mgawanyo, seli zenye kiini mara nyingi huangukia fungu la limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, kwa sababu ya ukubwa na umbo la kiini. Idadi ya neutrofili inayotolewa na mashine yenyewe haivimbi kwa kiwango hicho. Kosa kubwa linatokea pale mtu anapochukua asilimia ya neutrofili aliyohesabu kwa mkono akaizidisha na jumla ya mashine ambayo haijasahihishwa. Kwa mfano wako, neutrofili asilimia 55: ukizidisha na 24.0 unapata 13.2, ukizidisha na 16.0 unapata 8.8. Kwa mtu anayepanga dozi, tofauti hiyo ni kubwa mno.

#5 Mzee wa Hadubini

Nakubali, Slaidi Safi. Niongeze upande wa HbF, maana nao una mitego. Mgonjwa aliyeongezewa damu karibuni ana HbA (hemoglobini ya kawaida) ya mtu mwingine, kwa hiyo asilimia ya HbF inasomeka chini. Subirini miezi mitatu tangu damu ya mwisho. Na msisome asilimia peke yake. Hb 7.0 yenye HbF asilimia 8 ni gramu 0.56 kwa desilita. Hb 9.0 yenye HbF asilimia 14 ni gramu 1.26. Asilimia haijafika maradufu, kiasi kimezidi maradufu.

#6 Kalamu ya Wadi

Shukrani kwa wazee wa maabara. Binti Uboho, wale waliorithi HbF isiyozimika wanayo katika kila seli. Haidroksiyurea haifanyi hivyo. Inaipandisha kwenye baadhi ya seli tu, nyingine zinabaki tupu. Asilimia 15 ya wastani inaweza kuwa theluthi moja ya seli zilizojaa na mbili zisizo na kinga, na hizo mbili zinatosha kabisa kuziba mshipa. Kwa nini basi huyo mgonjwa anapona krisisi?

Tazama pia upande wa pili. Wapo wagonjwa wa selimundu waliopewa G-CSF, dawa ya kuchochea neutrofili, wakapata krisisi kali, na wengine walifariki. Ndiyo maana wanaokusanya seli mama kwa ajili ya tiba ya vinasaba hawatumii G-CSF kwa wagonjwa hawa, wanatumia dawa nyingine, pleriksafo. Na tangu 1994 utafiti wa Platt na wenzake ulishaonyesha kwamba seli nyeupe nyingi ni moja ya dalili za hatari ya kufa mapema.

#7 Binti Uboho

Katika utafiti huohuo wa Platt HbF ya chini nayo imo kwenye orodha ya hatari, usiiruke. Na hoja ya seli tupu naikubali kwa nusu. Wanaofuatilia HbF kwa seli wanakadiria kwamba seli ikiwa na takriban pikogramu 10 inalindwa. Kinachohitajika ni mgawanyo, wala hakipimwi katika hospitali zetu za kawaida, tunapima wastani. Kwa hiyo uchambuzi wa MSH ulilinganisha neutrofili zilizopimwa vizuri na HbF iliyopimwa kwa kipimo butu. Kipimo butu kitashindwa hata kama ndicho chanzo.

La pili: neutrofili zinapanda kwa sababu seli nyekundu zinapasuka. Hemu, sehemu ya hemoglobini yenye chuma, ikimwagika inaamsha kipokezi cha TLR4 kwenye ukuta wa mshipa, ukuta unatoa P-selektini, protini inayonasa seli, neutrofili zinajibandika. HbF ikipunguza kupasuka, moto wote huo unashuka. Unaona neutrofili zimeshuka ukadhani ndizo sababu, kumbe ni matokeo.

#8 Mkemia wa Pwani

Nyote mmesahau maji. Mgonjwa akianza haidroksiyurea seli nyekundu zinavimba, MCV (ukubwa wa wastani wa seli nyekundu) inapanda. HbS ileile inakaa kwenye nafasi kubwa zaidi, ukolezi unashuka. Na HbS haianzi kushikamana papo hapo ikikosa oksijeni, kuna muda wa kusubiri. Eaton na Hofrichter walionyesha 1974 kwamba muda huo unategemea ukolezi kwa kipeo kikubwa ajabu, hadi karibu 30. Pigeni hesabu: ukipunguza ukolezi kwa asilimia 5 tu, muda unaweza kurefuka zaidi ya mara nne. Seli inapata nafasi ya kuvuka kapilari na kurudi kwenye mapafu kabla haijapinda. Hapo huhitaji HbF nyingi wala kuua neutrofili.

#9 Msomaji wa Majaribio

Mkemia, hoja yako ilishajaribiwa. Dawa ya senikapoki ilitengenezwa kuziba mlango wa potasiamu ili seli isipoteze maji. Hb ilipanda, kupasuka kwa seli kukapungua, krisisi hazikupungua. Jaribio la awamu ya tatu lilisimamishwa.

Na si huyo tu. Tupange:

Vokselota ilishikilia oksijeni kwenye HbS. Jaribio la HOPE, 2019, watu 274: kwenye dozi ya miligramu 1500 asilimia 51 walipanda Hb zaidi ya gramu 1, kwa dawa bandia asilimia 7. Krisisi hazikushuka kwa kiwango cha kuaminika. Septemba 2024 Pfizer waliiondoa sokoni dunia nzima kwa sababu data zilionyesha krisisi na vifo kwa uwiano usioiridhisha dawa hiyo.

Krizanlizumabu ilizuia P-selektini, yaani ndiyo dawa ya hoja ya Kalamu. Jaribio la SUSTAIN, 2017, watu 198: krisisi 1.63 kwa mwaka dhidi ya 2.98. Furaha ikawa kubwa. Kisha STAND, jaribio kubwa zaidi, halikuona tofauti na dawa bandia, na Ulaya wakafuta kibali 2023.

Kanakinumabu inazuia interlukini-1 beta, kemikali ya mwili inayowasha inflamesheni. Kwenye moyo ilifanya kazi: jaribio la CANTOS, 2017, watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na CRP yao (kipimo cha inflamesheni kwenye damu) ilikuwa 2 au zaidi, dozi ya miligramu 150 kila miezi mitatu ilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 15, ingawa vifo vya maambukizi viliongezeka. Ilipojaribiwa kwa vijana wenye selimundu, viashiria vya inflamesheni vilishuka, lakini lengo kuu, yaani maumivu, halikufikiwa.

Kwa hiyo ukigusa kitu kimoja, hakitoshi. Haidroksiyurea inagusa vyote. Labda ndiyo siri yake yote.

#10 Kalamu ya Wadi

"Inagusa vyote" ni maelezo ya kumaliza mjadala mapema, mkuu. CANTOS inaniunga mkono kuliko unavyodhani: inflamesheni ikizimwa mahali sahihi, mshipa unapona hata lehemu isiposhuka.

#11 Msomaji wa Majaribio

Mahali sahihi, ndiyo. Methotreksati ya dozi ndogo nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo, jaribio la CIRT, haikusaidia chochote. Na kwenye selimundu steroidi zinazima inflamesheni kwa nguvu: deksamethasoni ilifupisha siku za kulazwa kwa watoto wenye tatizo la kifua, kisha ilipoachwa, maumivu yakarudi, wakarudi wodini. Usipeleke neno "inflamesheni" kama ni kitu kimoja.

#12 Moyo na Mapafu

Mnajadili krisisi tu, na mtu mzima wa selimundu mara nyingi anauawa na moyo na mapafu. Maelezo ninayoyatetea ni ya naitriki oksaidi. Hemoglobini iliyomwagika kwenye plazma inaila, mshipa unabaki umekaza. Haidroksiyurea yenyewe ikivunjwa mwilini inatoa naitriki oksaidi. Mwaka 2004 Gladwin na wenzake walipima watu wazima 195 kwa eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti: asilimia 32 walikuwa na kasi ya damu inayorudi kwenye vali ya trikuspidi (ya upande wa kulia wa moyo) ya mita 2.5 kwa sekunde au zaidi, na hao ndio waliokufa zaidi. Theluthi nzima walikuwa na shinikizo la juu la mapafu!

#13 Daktari wa Eko

Hapana, na hili linarudiwa sana. Walikuwa na kasi ya 2.5. Hiyo si sawa na kuwa na ugonjwa. Ufaransa, 2011, wagonjwa 398 walichunguzwa, wenye kasi hiyo wakaingizwa mpira wa moyo wa kulia: waliothibitishwa ni asilimia 6 ya wote. Yaani kati ya wanne walioshukiwa kwa eko, mmoja tu ndiye alikuwa nao.

Sababu mojawapo ni hesabu. Shinikizo linakadiriwa kwa 4 × kasi × kasi: 2.5 inatoa 25 mmHg, 3.0 inatoa 36. Mgonjwa mwenye Hb 7 moyo wake unasukuma damu nyingi, kasi inapanda bila mshipa kuwa na tatizo. Halafu kosa dogo la pembe ya probu linakuzwa kwa kipeo cha pili. Pimeni akiwa mzima, si katikati ya krisisi wala siku anapoongezewa damu. Chukueni madirisha zaidi ya moja, msipime mstari usio na ukingo kamili. Angalieni pia chumba cha juu cha kushoto na jinsi moyo unavyolegea, maana kwa wengi tatizo ni moyo mgumu usiojaa vizuri, wenye makovu madogo yaliyosambaa ambayo eko haiyaoni, MRI inayaona. Vipimo vya ukubwa vigawanywe kwa eneo la mwili, la sivyo kila mtoto ataandikiwa "moyo mkubwa".

Na naitriki oksaidi ya kuvuta ilijaribiwa wakati wa krisisi, DeNOVO, 2011, wagonjwa 150. Haikufupisha krisisi. Sildenafili, inayofanya kazi kwenye njia hiyohiyo, ilibidi isimamishwe mapema kwa sababu waliopewa walilazwa kwa maumivu zaidi.

#14 Moyo na Mapafu

Asante kwa takwimu za Ufaransa, zimenyooka. Ila kuhusu DeNOVO, kumpa mtu gesi krisisi ikiwa tayari imewaka ni tofauti na kuwa na kiasi kidogo kila siku kwa miaka. Na tafiti za maabara zimeonyesha naitriki oksaidi hiyo ndiyo inayoamsha njia inayopandisha HbF. Huenda mimi na Binti Uboho tunazungumzia ncha mbili za kamba moja.

#15 Nesi wa Kliniki

Wataalamu, teremkeni kidogo kliniki. Mnapoona neutrofili zimeshuka msikimbilie kusimamisha dawa. Fanyeni mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) au slaidi kwanza, malaria inashusha neutrofili na chembe sahani. Na mRDT inayosoma HRP2, protini ya vimelea, inaweza kubaki na mstari wiki kadhaa baada ya matibabu, kwa hiyo mtoto aliyetibiwa majuzi anahitaji slaidi. Chupa ya EDTA, yenye kizuia kuganda, igeuzwe taratibu mara nane hadi kumi. Damu ikiganda hata kidogo, chembe sahani zinasoma chini na dawa inalaumiwa bure.

Mipaka inayotumika: simamisha neutrofili zikishuka chini ya 1.0, chembe sahani chini ya 80, Hb ikishuka chini ya 4, au retikulosaiti (seli nyekundu changa) zikiporomoka huku Hb ikiwa chini. Rudia FBP baada ya wiki moja. Zikipanda, rudi kwenye dozi. Homa ya nyuzi 38.5 ni dharura hata kama anaonekana mchangamfu.

Swali langu: je, ni kweli dawa hii inapunguza malaria?

#16 Msomaji wa Majaribio

Nesi, kuna majibu mawili yanayogongana. Jaribio la REACH lilifanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, watoto 606 walianza dawa: malaria ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1, kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2. Lakini REACH ililinganisha watoto walewale kabla na baada, hakukuwa na dawa bandia. NOHARM ya Uganda ilikuwa na dawa bandia, watoto 207, na malaria haikutofautiana, japo ilikuwa chache pande zote mbili. Kwa usalama jibu ni zuri: haikuongeza malaria. Kwa kinga, bado.

#17 Mfamasia wa Kata

Nashangaa ukurasa mzima hakuna aliyetaja dozi, na nusu ya ubishi huu unatokana nayo. Dozi ndogo inashusha neutrofili kidogo na kupandisha HbF kidogo, kisha mnasema HbF haijibu. NOHARM-MTD ya Uganda ililinganisha dozi isiyobadilika ya miligramu 20 kwa kilo na dozi inayopandishwa hadi karibu 30. Waliofikia Hb 9 au HbF asilimia 20 walikuwa asilimia 37 kwa dozi isiyobadilika, 86 kwa iliyopandishwa. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu wa dozi ndogo walikuwa wanaumia zaidi.

Upandishaji: anza 15 hadi 20 kwa kilo, FBP kila wiki nne, ongeza hadi 5 kwa kilo kila wiki nane kama hesabu zinaruhusu, kikomo 35. Lengo ni neutrofili kati ya 2 na 4. Figo zikiwa dhaifu anza na nusu, dawa inatokea huko.

#18 Binti Uboho

Angalia, Kalamu: lengo la kupandisha dozi tunalipima kwa neutrofili, na matokeo yanasomwa kwa HbF. Hapo unazitenganishaje?

#19 Kalamu ya Wadi

Swali gumu. Jibu langu ni jaribio la SPRING la Nigeria: watoto 220 waliokuwa na kasi ya hatari kwenye TCD (kipimo cha kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo), dozi ya 10 dhidi ya 20 kwa kilo, na kiharusi hakikutofautiana. Kama HbF ndiyo kila kitu, 20 ingeshinda.

#20 Msomaji wa Majaribio

Au viharusi vilikuwa vichache mno kutofautisha. Tena mishipa ya ubongo si sawa na mifupa. Huwezi kuchukua jibu la kiharusi ukalipeleka kwenye maumivu. Kule Bugando, Mwanza, jaribio la SPHERE lilipandisha dozi na kasi za TCD zilishuka, ila hapakuwa na kundi la dozi ndogo la kulinganisha.

#21 Slaidi Safi

Jamani, MCV. Wengi wanaitumia kujua kama mgonjwa anameza dawa. Ukanda wa pwani alfa-thalasemia, hali ya kurithi inayofanya seli nyekundu kuwa ndogo, ni nyingi, na upungufu wa madini ya chuma upo. MCV ya 72 inaweza kufika 82 tu na mgonjwa anameza kila siku. Mlinganishe na MCV yake mwenyewe ya kabla, si na kitabu. Ferritini, kipimo cha akiba ya chuma, nayo msiiamini wakati wa krisisi, inapanda na inflamesheni.

#22 Nesi wa Kliniki

Mfamasia, mtoto wa kilo 14 na kapsuli za 500 pekee kwenye stoo. Nifanyeje?

#23 Mfamasia wa Kata

20 kwa kilo ni 280 kwa siku, 1960 kwa wiki. Kapsuli nne kwa wiki ni 2000, kwa hesabu inakubalika, lakini siku tatu anakaa bila dawa na mama anachanganya siku. Mtoto wa umri huo pia hamezi kapsuli. Mimi naelekeza kwenye dawa ya maji: kapsuli 10 ni miligramu 5000, fungua ukiwa na glavu na barakoa, koroga kwenye maji ya kawaida yasiyopashwa moto, chuja unga usioyeyuka, fikisha mililita 50 kwa sharubati. Umepata 100 kwa mililita. Mtoto wako atachukua mililita 2.8 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Andika tarehe na nguvu ya dawa kwenye chupa. Ifanyike famasi, isifanyike jikoni kwa mama, hasa akiwa mjamzito.

Na kama anatumia foliki asidi ya miligramu 5, mzazi asiichanganye na SP, dawa ya malaria, bila kuuliza. SP inafanya kazi kwa kuzuia foleti, dozi kubwa ya foliki inaidhoofisha.

#24 Mkemia wa Pwani

Narudi kwenye senikapoki. Ilizuia seli zisikauke, haikuongeza ukubwa kama haidroksiyurea inavyofanya, na Hb ilipanda bila HbF. Damu nzito yenye HbS ileile inapita vibaya. Vokselota ilikuwa na tatizo la jinsi hiyo. Kwa hiyo kushindwa kwao hakuniondoi, kunasema tu Hb isipandishwe peke yake.

#25 Binti Uboho

Hapo umekuja upande wangu, Mkemia. Tiba ya vinasaba ya Casgevy, iliyopata kibali Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, inakata tu swichi inayowasha BCL11A, jeni inayozima HbF. HbF inafika karibu asilimia 40, Hb inapanda hadi kawaida, na karibu wote waliofuatiliwa mwaka mzima hawakupata krisisi kali. Hb ya juu pamoja na HbF, hakuna shida ya uzito.

#26 Kalamu ya Wadi

Wote hao walipewa kwanza busulfani, dawa ya kufuta uboho. Uboho mzima ulifagiliwa, seli nyeupe zikaanza upya.

#27 Binti Uboho

Busulfani inaisha baada ya wiki chache, neutrofili zinarudi. Nafuu imeendelea kwa miaka. Leta grafu ya neutrofili zao za mwaka wa pili tuijadili.

#28 Mzee wa Hadubini

Na ikiletwa, tuangalie kwanza kama seli zenye kiini zilitolewa.